Fahamu: Roboti anavyomsaidia mtoto mwenye usonji

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji, uso wa mtu hubadilika haraka mno kiasi kwamba ni vigumu kuusoma. Kaspar, roboti wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, ana uso uliorahisishwa kwa makusudi na hurudia jambo lilelile bila kuchoka.

Je, roboti wa namna hii wanafaa? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 12 wenye miaka 6 hadi 12. Kwa mwezi mmoja, kila siku walicheza dakika 30 nyumbani na roboti mwingine, si Kaspar, mzazi au mlezi akiwa pamoja nao. Uwezo wao wa kufuatilia jambo pamoja na watu wazima uliongezeka, hata roboti asipokuwepo. Lakini 12 ni wachache.

Mzazi wa mtoto mwenye usonji huko Mwankoko, Singida, afanyeje bila roboti? Achore ratiba ya siku kwa picha, atumie maneno machache, acheze na mwanawe saa ileile kila siku, na amfikishe mapema kwa wataalamu wa afya. Mtoto huyu ana haki ya kusoma na kucheza na wenzake.