Shali Iwe Tayari Kabla ya Baridi

Wakazi wa Njombe na Makete wanajua baridi ya Juni na Julai. Kule Kitulo hata majani huganda usiku. Mama aliyejifungua wakati huo anahitaji kitu cha kufunika mabega anaponyonyesha. Shali ya sufu inafaa sana.

Tuseme mkwe wako atajifungua Juni. Unataka kumfumia shali yenye matundu ya urembo. Hakuna aliyekupangia siku ya kumaliza. Umeipanga mwenyewe: tarehe 31 Mei. Leo ni tarehe 1 Aprili. Je, utamaliza?

Wengi huanza vizuri, kisha shali hulala kapuni. Mara nyingi si uvivu. Ni hesabu.

Shali ya pembe tatu huanzia kwenye kona. Anza na vitanzi 4. Katika kila mstari, fuma vitanzi 2, zungusha uzi mara moja kwenye sindano, kisha fuma vyote vilivyobaki. Hapo umeongeza kitanzi kimoja, na tundu dogo limetokea pembeni. Kila baada ya mistari 10 weka mstari wa matundu. Katikati ya mstari huo fuma vitanzi viwili pamoja, zungusha uzi, fuma viwili pamoja, zungusha uzi, mpaka karibu na mwisho. Fuma mistari 200.

Sasa angalia. Mwisho wa mstari wa 10 una vitanzi 14 tu. Mwisho wa mstari wa 200 una vitanzi 204. Mistari yote 200 ina vitanzi 20,900. Lakini mistari 100 ya kwanza ina vitanzi 5,450 tu. Umefika nusu ya mistari, lakini umefanya robo tu ya kazi!

Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Ukifuma vitanzi 10 kwa dakika moja, mistari 100 ya kwanza itachukua kama saa 9. Utafurahi na kuwaambia majirani kwamba shali inakaribia kwisha. Lakini mistari 100 iliyobaki itachukua kama saa 26. Mstari wa mwisho peke yake ni dakika 20.

Kwa hiyo kazi yote ni kama saa 35. Ukifuma saa moja kila jioni, ni jioni 35. Usipange kumaliza kufuma tarehe 31 Mei. Panga tarehe 20 Mei, ili upate siku za kufua na kukausha. Kutoka leo mpaka tarehe 20 Mei kuna jioni 50. Jioni 15 ni akiba yako. Kutakuwa na mgonjwa, msiba, au kazi ya shamba. Jioni nyingine utachoka tu.

Weka daftari karibu. Ukimaliza mstari, chora kijiti kimoja. Usitegemee kichwa, watoto wakikuita mara mbili, umesahau.

Tena, kila baada ya mistari 20, chukua sindano ya kushonea yenye uzi wa pamba wa rangi nyingine. Pitisha uzi huo ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia, kisha uuache humo. Kitanzi kikiponyoka usiku, fumua mpaka kwenye uzi huo tu. Bila uzi huo, kitanzi kimoja kinaweza kukupotezea kazi ya wiki nzima.

Na kama tarehe 20 Mei imefika nawe uko mstari wa 170? Funga kazi hapo hapo. Pembe tatu haiharibiki ikiwa ndogo. Ukiacha mistari 30 ya mwisho unaokoa zaidi ya saa 9. Kama vitanzi vitatu ni sentimita mbili, ukingo wa juu utakuwa sentimita 116 badala ya 136. Mkwe wako hatapima. Lakini funga ukingo kwa kulegeza, usije ukajikunja.

Baada ya kufungwa, shali huonekana kama kitambaa kilichofinyangwa. Usikate tamaa. Wanawake wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, hufuma shali nyembamba ambazo hupita ndani ya pete ya ndoa. Shali zao nazo hufuliwa na kuvutwa ndipo matundu yaonekane.

Loweka shali katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Usisugue, usikamue. Suuza, kisha ikunje ndani ya khanga kavu na uibonyeze. Itandaze juu ya mkeka safi kivulini. Vuta kona zote tatu, halafu ibane kwa pini pembeni mpaka ikauke kabisa. Uzi wa sufu ya kondoo hukaa ulivyovutwa. Uzi wa kiwandani usio wa sufu hurudi kidogo, lakini bado unafaa. Usiianike kwenye kamba, itavutika upande mmoja.