Umewahi kumwombea asiyeamini kwa jina lake?



Kumbuka nia zilizotajwa katika sala ya jumuiya yenu juma lililopita. Bila shaka mliwaombea wagonjwa. Mliwaombea watoto walio kwenye mitihani, kijana anayetafuta kazi, msafiri, marehemu wa familia, labda na mvua. Nia hizo zote ni njema. Lakini je, kuna aliyesema, “Tumwombee mume wangu, haamini kama Mungu yupo”? Au, “Tumwombee binti yangu, tangu amalize chuo hataki kusikia habari za kanisa”?

Mara nyingi hakuna. Si kwamba watu hao hawapo. Wako sebuleni mwetu. Dominika asubuhi mama anavaa kitenge chake, anawaandaa watoto, baba anabaki na redio yake. Tunaona aibu kumtaja, kana kwamba kutoamini kwake ni deni la nyumba ambalo majirani wasilijue. Na wengine tumekwisha kuzoea. Miaka inapita, nafasi yake kwenye benchi inakaliwa na mwingine.

Kanisa halioni aibu hiyo. Kila Ijumaa Kuu, baada ya kusomwa Mateso ya Bwana, tunasali sala kuu 10 kwa ajili ya watu wote. Ya saba ni ya kuwaombea wasiomwamini Kristo, na ya nane ni ya kuwaombea wasiomwamini Mungu. Mwaka ujao zisikilize vizuri, maana wengi wetu saa ile magoti yamechoka na mawazo yako kwenye foleni ya kuabudu Msalaba. Siku tunayokumbuka kifo cha Bwana, mtu anayesema hakuna Mungu anaombewa mbele ya Mungu huyohuyo, na kanisa zima linaitikia Amina.

Niweke jambo moja sawa kabla sijaendelea. Ninaposema asiyeamini simaanishi jirani yako Mwislamu anayeamka alfajiri kuswali. Huyo anamwabudu Mungu, na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulieleza wazi kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima. Namaanisha yule asemaye hakuna Mungu. Namaanisha aliyebatizwa utotoni ambaye sasa imani yake imezimika kabisa. Namaanisha aliyezika mtoto akaapa hatasali tena. Huyu wa mwisho nakuomba sana usimwite mkaidi.

Tarehe 27 Agosti tunamkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake tunamkumbuka mwanawe, Mtakatifu Augustino. Ni Waafrika wenzetu. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Habari zao tunazisikia kila mwaka na tumezoea kuzifupisha: mama alilia, mtoto akaongoka. Ukisoma kitabu cha Maungamo, alichokiandika Augustino mwenyewe, utaona safari haikuwa nyepesi hivyo.

Augustino alipokuwa na miaka 19 alijiunga na Wamanikei, kundi lililokuwa likifundisha mambo mengine kabisa juu ya Mungu na ulimwengu, akakaa nao takriban miaka tisa. Alikuwa msomi, hodari wa maneno, na aliidharau imani ya mama yake, akiiona ni ya watu wasiosoma. Monika alifanya nini kwanza? Alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Ndiyo, huyo Monika mtakatifu. Naamini kuna mzazi anayesoma hapa ambaye amewahi kumwambia kijana wake maneno kama hayo: usipokwenda kanisani, usile chakula changu.

Kisha akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao akilia, akaja kijana aliyeng’aa, akamuuliza sababu ya machozi yake. Alipoeleza, akaambiwa atazame vizuri, naye akamwona mwanawe amesimama palepale alipo yeye. Baada ya hapo alimrudisha Augustino mezani. Angalia mambo yalivyofuatana: mtoto alikuwa bado hajabadilika hata kidogo. Alirudi mezani akiwa bado Mmanikei. Ndipo Monika alipoendelea kumwombea, huku wakila sahani moja.

Akamwendea askofu mmoja, akamwomba akazungumze na huyo kijana, amshinde kwa hoja. Askofu akakataa. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa na Wamanikei, alisoma vitabu vyao karibu vyote, akaviacha bila kushindwa na mtu katika mabishano. Alijua kwamba Augustino alikuwa bado amevimba kichwa na hafundishiki. Akamshauri mama amwache kwanza, amwombee tu kwa Bwana. Mama hakuridhika, akazidi kusihi na kulia, hadi askofu akachoka kidogo, akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi mengi namna ile akapotea. Sisi tunaokimbilia kumtafuta padre, katekista au mwalimu wa karismatiki “amkomeshe” mtu wa nyumbani kwetu, tuyatafakari majibu ya askofu huyo. Wapo watu ambao hoja huwafanya wazidi kujifungia ndani.

Halafu kuna usiku ule wa Kartago, mwaka 383. Augustino alitaka kwenda Roma. Mama alimng’ang’ania, ama arudi naye nyumbani au aende naye. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu bandarini. Monika akalala usiku ule kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, karibu na pwani, akisali mwanawe asisafiri. Kulipokucha jahazi lilikuwa limeondoka.

Fikiri kidogo juu ya sala hiyo. Ilikuwa sala ya mama mcha Mungu, yenye nia njema, na haikujibiwa. Lakini kule Italia, katika mji wa Milano, ndiko Augustino alikokutana na Askofu Ambrosi. Augustino anaeleza kwamba Mungu hakumpa mama yake alichoomba usiku ule ili apate kumpa kile alichokuwa akikiomba siku zote. Kijana wako akihama mji, akaoa bila kukushirikisha, akapotea kwenye simu miezi sita, wewe unaona mlango umefungwa. Huenda Milano yake iko huko aendako.

Na kilichomvuta kwa Ambrosi hakikuwa mafundisho kwanza. Augustino anasema alianza kumpenda si kama mwalimu wa ukweli, maana hakutarajia tena kuupata ukweli ndani ya Kanisa, bali kama mtu aliyemtendea wema. Alipokelewa kama mtoto na baba. Alikuwa akienda kusikiliza mahubiri ili apime ufundi wa lugha tu. Maneno yakaanza kumwingia polepole. Mama alipomfuata Milano na kuambiwa kwamba mwanawe si Mmanikei tena, ingawa bado si Mkristo Mkatoliki, hakurukaruka kwa furaha. Alizidisha sala. Usiku wa Pasaka mwaka 387 Ambrosi alimbatiza Augustino, pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Tangu aingie kwa Wamanikei ilikuwa imepita takriban miaka 14. Monika alifariki mwaka huohuo huko Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika.

Sasa turudi kwetu. Kumwombea mtu si kumsema kwa Mungu huku yeye akisikia. Nimesimuliwa juu ya sala za usiku ambapo mama anapandisha sauti makusudi, “Ee Bwana, mguse huyu mlevi aliyelala chumbani,” na baba kule chumbani anaongeza sauti ya televisheni. Hayo ni mahubiri yanayopitia ukutani. Mwombee kimya. Mtaje kwa jina kila siku katika fumbo moja la Rozari, wala usimwambie. Ukimtaja mtu mbele ya Mungu kila siku, baada ya muda fulani unashindwa kumdharau, na sauti yako unapomwita aje kula inabadilika. Atasikia tofauti kabla hajajua sababu.

Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza anawaambia wake kwamba waume wasioliamini Neno wanaweza kuvutwa na mwenendo wa wake zao, pasipo maneno. Ndivyo alivyofanya Monika kwa mumewe Patrisi, mtu mwenye hasira za haraka, aliyebatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. (Hapa nisieleweke vibaya. Mama anayepigwa hajaambiwa na Kanisa avumilie kipigo ili mume aongoke. Aende mahali salama, na amwombee akiwa huko.)

Petro huyohuyo anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye juu ya tumaini letu, kwa upole na heshima. Anamtaja mtu anayeuliza. Filipo alimkuta towashi Mwethiopia garini, akasikia anasoma, akamuuliza kama anaelewa, akaalikwa kupanda, ndipo akasema. Basi siku mumeo, kaka yako au mfanyakazi mwenzako akikuuliza kwa nini unajisumbua na hayo mambo, usimpe katekisimu yote. Mwambie kwa dakika mbili lile ambalo Kristo amekutendea wewe, kisha nyamaza. Akikuuliza swali usilolijua, mwambie hulijui na utamtafutia jibu. Akitaka zaidi, yupo katekista, lipo darasa la wakatekumeni, na mlango wa ofisi ya parokia hufunguliwa.

Kuna jambo jingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Wengi wasioamini huingia kanisani kwa harusi na misiba tu. Hiyo saa moja ndiyo Milano yao. Wanakuta nini? Wakikuta matangazo ya michango ni marefu kuliko mahubiri, na mlangoni mtu wa mapokezi anawatazama viatu, wanarudi nyumbani na hoja waliyokuja nayo, imeongezewa nguvu. Mgeni wa msiba asogezewe nafasi, apewe kitabu cha nyimbo, aonyeshwe ukurasa. Hilo halihitaji seminari wala semina.

Na kama huoni matunda? Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, alipokuwa na miaka 14, alisikia habari za Pranzini, mtu aliyeua watu watatu mjini Paris na hakuonyesha dalili ya kutubu. Hawakujuana. Tereza akamwombea, na kwa njia ya dada yake Céline wakamwomba padre Misa kwa nia hiyo, maana Tereza mwenyewe aliona haya kuitaja nia yenyewe. Tarehe 31 Agosti 1887 Pranzini aliuawa. Tereza akasoma gazetini kwamba dakika ya mwisho aliomba msalaba, akaubusu mara tatu. Binti huyo, ambaye baadaye hakutoka tena nje ya monasteri, mwaka 1927 alitangazwa msimamizi wa misioni. Aliomba ishara na akaipata. Wengi hawaipati.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mjane alinisubiri baada ya Misa ya asubuhi. Alimwombea mumewe miaka 31. Mume alikuwa mtu mwema, mkulima, hakuwahi kumzuia kusali wala kuwazuia watoto kubatizwa, ila yeye mwenyewe alisema hayo mambo hayamwingii. Akafa usingizini. Wazee wa ukoo wakamzika, jumuiya ikaimba na kusali pale nyumbani, Misa haikuadhimishwa. “Padre,” akaniuliza, “sala zangu zilikwenda wapi?”

Sikumwambia kwamba mumewe yuko mbinguni, kwa sababu hukumu si yangu. Nilimweleza kwamba Mtaguso, katika hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, unafundisha kuwa wale ambao bila kosa lao hawajaijua Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kufuata dhamiri yao, wanaweza kuupata wokovu. Na kwamba kwa Mungu hakuna kuchelewa: sala anayoisali leo, Mungu aliijua usiku ule mumewe alipokuwa amelala.

Kisha nikamweleza jambo ambalo hakuwa amelijua kwa miaka yote hiyo, na nadhani wengi wenu hamlijui. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, inampa padre ruhusa ya kuadhimisha Misa kwa ajili ya mtu yeyote yule, aliye hai au aliyefariki. Haisemi mbatizwa tu. Unaweza kwenda ofisi ya parokia kesho ukaandikisha nia ya Misa kwa ajili ya mumeo asiyeamini, mwanao aliyeacha, baba yako aliyefariki bila kubatizwa.

Yule mama akanyamaza kidogo. Halafu akauliza kama jina litasomwa kwa sauti mbele ya watu, maana marehemu hakuwa na jina la ubatizo, alikuwa na lile tu alilopewa na bibi yake. Nikamwambia, “Mama, tutalisoma hilohilo.”