Uzi wa Buibui katika Maziwa ya Mbuzi

Si buibui la kuvaa tulinenalo leo, bali mdudu ambaye kila asubuhi, hapa Ndera, twamvunjia nyumba yake kwa ufagio. Suratul Ankabut imetufunza udhaifu wa nyumba hiyo. Hata hivyo uzi wake, ukipimwa uzito kwa uzito, hushinda chuma cha pua.

Mwaka 2012, London ilionyeshwa joho la dhahabu lililofumwa kwa hariri ya buibui milioni 1.2 wa Madagaska. Kuwafuga pamoja ni taabu, kwani hulana. Ndipo wataalamu wa Kanada na Marekani wakatia chembe ya urithi ya buibui katika mbuzi, na protini ya hariri ikatoka ndani ya maziwa. Maziwa hayo hayanywewi. Huchujwa, protini ikasokotwa nyuzi. Siku hizi bakteria na hamira nazo hutumiwa. Linalotarajiwa ni nyuzi za kushonea majeraha.

Nasi tulio wafugaji, ambao wana wetu hunyweshwa maziwa ya mbuzi, tusingoje elimu hii itufikie mlangoni. Tuwaulize mapema masheikh na matabibu wetu, na mabinti zetu tuwasomeshe sayansi, ili siku hiyo wawepo wa kutujibu.