Mcheshi Anapokutana na Wasomaji Wake

Usomaji wa hadhara ni kikao ambacho mwandishi huwasomea watu kazi yake kwa sauti, ili maandishi yanayomchekesha mtu akiwa peke yake nyumbani yauchekeshe umati kwa pamoja. Mfano unaokaribiana nao ni wa Wahome Mutahi (1954–2003) wa Kenya, ambaye safu yake, yaani makala ya mwandishi yuleyule inayotoka gazetini mara kwa mara, iliyoitwa "Whispers", iliwachekesha wasomaji wa *Sunday Nation* kwa visa vya familia moja. Mutahi, aliyetiwa kizuizini mwaka 1986 kwa sababu za kisiasa, hakuishia gazetini, bali aliandika pia michezo ya kuigiza kwa Kigikuyu iliyochezwa katika baa, mahali ambapo wananchi wa kawaida hukusanyika, na hivyo kejeli yake dhidi ya watawala ikawafikia hata wasionunua gazeti.

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili na Kinande huzungumzwa, kumbi za shule na za parokia zinaweza kuifanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo walimu na wawaalike waandishi wacheshi wasome mbele ya watu, kwa maana kicheko cha pamoja huwapa wananchi ujasiri wa kuyasema yanayowasumbua.