PhD ya Sayansi ya Siasa: Mtu anapita wapi hadi kuitwa 'Dokta'?

Kijana mmoja wa Mombasa alimaliza sekondari mwishoni mwa miaka ya 1940 na matokeo yasiyoridhisha. Chuo cha Makerere, kilichokuwa ndoto ya kila kijana wa Afrika Mashariki wakati huo, hakikumpokea.

Mwaka 1963 aliingia Makerere kwa mlango mwingine: mwalimu wa sayansi ya siasa. Kijana huyo ni Ali Mazrui. Katikati alikuwa amepita Manchester kwa shahada ya kwanza mwaka 1960 na Columbia, Marekani, kwa shahada ya pili mwaka 1961. Udaktari aliupata Oxford mwaka 1966.

Safari yake inaonyesha jambo ambalo wengi hawalijui. PhD haiangalii sana ulipata daraja gani kidato cha nne. Inaangalia kama unaweza kukaa na swali moja miaka kadhaa bila kulikimbia.

Je, anayetaka kufika huko leo anatakiwa kuwa na nini?

Siyo shule ya kugombea ubunge

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba PhD ya siasa inamwandaa mtu kuwa mwanasiasa. Hapana. Inamwandaa kuwa mtafiti.

Mwanasiasa anauliza: nitashindaje uchaguzi huu? Mtafiti anauliza: kwa nini vyama fulani hushinda miaka nenda rudi hata wananchi wakilalamika? Wa kwanza anataka kura, wa pili anataka ushahidi.

Kosa la pili ni kuchanganya PhD na udaktari wa heshima. Udaktari wa heshima ni tuzo. Chuo humpa mtu kwa mchango wake katika jamii, bila darasa, bila mtihani, bila tasnifu. Ni heshima kubwa ukitolewa na chuo kinachotambulika, lakini haumpi mtu sifa ya kufundisha chuo kikuu wala kusimamia utafiti.

Ndiyo maana "Dk" mbili kwenye mabango ya kampeni zinaweza kufanana kwa herufi na kutofautiana kabisa kwa jasho.

Sifa za kuingia

Tanzania, Kenya na Uganda, mlango wa kawaida ni shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa au fani jirani: uhusiano wa kimataifa, utawala wa umma, masomo ya maendeleo, wakati mwingine historia au sheria. Ufaulu wake uwe mzuri. Vyuo vingi hutaka wastani wa B au zaidi.

Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu Tanzania, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, uzamili ya 9 na udaktari ya 10. Hakuna ngazi juu ya hapo.

Marekani ni tofauti kidogo. Idara nyingi kule hupokea mtu mwenye shahada ya kwanza tu, kisha uzamili anaupata njiani. Mtihani wa GRE ulikuwa lazima karibu kila mahali, lakini siku hizi baadhi ya idara zimeuacha au zimeufanya wa hiari. Anayeomba aangalie chuo kwa chuo.

Mwenye shahada ya nje anayetaka kuitumia Tanzania asisahau TCU. Tume hiyo ya Vyuo Vikuu ndiyo inayothibitisha kama shahada hiyo inatambulika. Bora kuuliza kabla ya kulipa ada kuliko baada ya kuhitimu.

Swali kwanza, chuo baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika kwenye pendekezo la utafiti: "Nataka kusoma demokrasia Afrika." Hiyo ni mada, siyo swali. Inatosha kujaza maktaba nzima.

Swali zuri ni jembamba. Kwa mfano: kwa nini vijana wa mjini hujiandikisha kupiga kura halafu siku ya uchaguzi hawaendi? Hapo mtu anajua atamuuliza nani, wapi, na atatumia takwimu gani.

Mfano hai ni Elinor Ostrom wa Marekani. Alitaka kusoma PhD ya uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akakataliwa kwa kuwa hakuwa na msingi wa kutosha wa hesabu. Akaenda sayansi ya siasa.

Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: watu wanaotumia maji ya chini ya ardhi eneo moja la Los Angeles wanawezaje kukubaliana wasiyamalize, wakati maji ya bahari tayari yanaingia kwenye visima? Alipata udaktari mwaka 1965. Miaka 44 baadaye, mwaka 2009, kazi yake kuhusu mali za pamoja ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Uchumi ulimfungia mlango, siasa ikampokea, na Nobel aliyopata ikawa ya uchumi.

Msimamizi anaweza kukujenga au kukukwamisha

Kila mwanafunzi wa PhD hupewa msimamizi, mara nyingi wawili. Huyu ndiye anayesoma rasimu, anayekosoa na anayesaini kwamba kazi iko tayari.

Anayeomba PhD anashauriwa asome kwanza maandishi ya maprofesa wa idara anayoilenga. Anayetaka kutafiti vyama vya siasa akipewa msimamizi ambaye maisha yake yote ameandika kuhusu falsafa ya Ugiriki ya kale, wote wawili watachoka.

Aangalie pia mambo madogo. Profesa huyo ana wanafunzi wangapi tayari? Amebakiza muda gani kustaafu? Wanafunzi wake waliopita walimaliza? Maswali haya si utovu wa adabu. Yanaweza kuokoa miaka miwili.

Njia mbili za kusoma

Njia ya kwanza ni ya Uingereza. Hakuna madarasa mengi. Mwanafunzi anaingia na pendekezo lake, anatafiti, anaandika. Miaka mitatu hadi minne kwa anayesoma muda wote. Tasnifu huwa na ukomo wa maneno, kwa vyuo vingi kati ya 80,000 na 100,000.

Njia ya pili ni ya Marekani. Miaka miwili ya kwanza ni darasani. Masomo hugawanywa katika nyanja kama siasa za Marekani, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, nadharia ya siasa na mbinu za utafiti. Safari nzima kwa kawaida huchukua miaka mitano hadi saba.

Afrika Mashariki ilirithi zaidi njia ya Uingereza, lakini mambo yanabadilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina PhD ya tasnifu peke yake na ile ya masomo pamoja na tasnifu. Makerere, chini ya Profesa Mahmood Mamdani aliyeongoza taasisi yake ya utafiti wa jamii, ilianzisha programu ya udaktari yenye madarasa. Hoja ilikuwa kwamba mtafiti hawezi kuuliza maswali mapya kama hajasoma kwa kina waliotangulia waliuliza nini.

Mitihani mikubwa

Kwenye njia ya Marekani, baada ya madarasa kuna mtihani unaotisha. Mwanafunzi huulizwa kuhusu nyanja nzima, siyo somo moja. Orodha ya vitabu na makala inaweza kufika mamia. Anayeshindwa mara nyingi hupewa nafasi ya pili. Akishindwa tena, huondoka na uzamili.

Kwenye njia ya Uingereza, kikwazo kama hicho huja mwishoni mwa mwaka wa kwanza au wa pili. Mwanafunzi anatetea pendekezo lake mbele ya jopo. Asipopita, hasajiliwi kuendelea na PhD.

Suala la hesabu nalo lisipuuzwe. Siasa ya leo inatumia takwimu sana, na programu kama R na Stata ni vifaa vya kila siku. Anayekimbia hesabu bado ana nafasi kwenye utafiti wa mahojiano, nyaraka au nadharia, lakini lazima aweze kusoma jedwali la mwenzake na kujua kama linasema kweli.

Vibali kabla ya kwenda uwanjani

Huwezi kuamka tu asubuhi ukaanza kuwahoji watu kuhusu serikali. Tanzania, vibali vya utafiti vinashughulikiwa na COSTECH, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya, leseni hutolewa na NACOSTI. Kisha kuna barua za mkoa, wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kata.

Utafiti wa siasa una uzito wake hapa. Mtu anayekueleza kwamba alipewa pesa ili apige kura anaweza kupata matatizo jina lake likivuja. Chuo hutaka kuona mapema jinsi mtafiti atakavyoficha majina na kutunza rekodi.

Kuna na kazi ya lugha. Mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili, tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza. Neno kama "uongozi" au "maendeleo" mdomoni mwa mkulima lina maana pana kuliko tafsiri ya kamusi. Mtafiti mzembe anapoteza nusu ya ushahidi wake hapo.

Kwa asiye na fedha za kuzunguka nchi nzima, zipo takwimu za bure. Afrobarometer imekuwa ikikusanya maoni ya wananchi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1999, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, na data zake zinapakuliwa mtandaoni.

Kuandika, kuchapisha, kutetea

Tasnifu lazima iwe na kitu kipya. Kipya si lazima kiwe kikubwa. Inaweza kuwa ushahidi ambao haukuwepo, au kuonyesha kwamba maelezo yaliyozoeleka hayafanyi kazi mahali fulani.

Kenya, miongozo ya tume ya vyuo vikuu, CUE, ya mwaka 2014 inamtaka mwanafunzi wa PhD awe na makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Vyuo vya nchi nyingine navyo vina masharti ya aina hiyo. Tahadhari: yapo majarida ya mitaani yanayochapa chochote ukilipa. Makala ya huko inaweza kukataliwa.

Mwisho ni utetezi. Watahini husoma tasnifu, akiwemo wa kutoka nje ya chuo. Uingereza, mara nyingi ni mwanafunzi na watahini wawili ndani ya chumba kilichofungwa. Kwingine ni jopo, na wasikilizaji wanaruhusiwa.

Wachache hupita bila kuguswa. Wengi huambiwa warekebishe, kidogo au sana. Marekebisho si aibu, ni sehemu ya mchezo.

Nani analipa?

Marekani, idara nyingi kubwa humsamehe ada mwanafunzi wa PhD na kumpa posho, naye hufundisha au husaidia utafiti. Kwa hiyo Marekani, PhD ya siasa isiyo na ufadhili ni ya kufikiria mara mbili.

Ulaya kuna ufadhili kama wa DAAD wa Ujerumani na wa Jumuiya ya Madola kupitia Uingereza. Afrika Mashariki, wengi husoma huku wakifanya kazi, wakijilipia au wakilipiwa na mwajiri. Ndiyo maana miaka mitatu ya kwenye karatasi hugeuka sita au saba. Utafiti unashindana na ada za watoto, misiba na mikutano ya kazini.

Anayemaliza kwa hali hiyo mara nyingi si aliyekuwa na akili kuliko wenzake. Ni aliyelinda saa mbili za kuandika kila siku, hata kama ni saa kumi alfajiri.

Ukidanganya, hata miaka ikipita

Franziska Giffey wa Ujerumani alipata udaktari wa sayansi ya siasa kutoka Chuo Kikuu Huria cha Berlin mwaka 2010. Akapanda hadi kuwa waziri wa familia. Baadaye tasnifu yake ikachunguzwa kwa madai ya kutumia maandishi ya watu bila kuwataja ipasavyo.

Mei 2021 alijiuzulu uwaziri. Juni mwaka huohuo chuo kikamvua udaktari. Miaka 11 ilikuwa imepita.

Funzo ni kwa wanaotafuta mtu wa "kuwaandikia" tasnifu. Aliyeandikiwa anabaki na karatasi ukutani na hofu moyoni, kwa sababu tasnifu haiozi. Inakaa maktaba ikisubiri msomaji mmoja mwenye shaka.

Maswali matatu kabla ya kutuma maombi

Moja: Je, swali lako unaweza kumweleza bodaboda akaelewa kabla ya kufika kituoni? Kama huwezi, bado halijaiva.

Mbili: Je, pesa na muda vinatosha hata safari ikirefuka miaka miwili?

Tatu: Je, ungelifuatilia swali hilo hata kama hakuna atakayekuita Dokta?

Mwenye "ndiyo" tatu anaweza kufungua tovuti ya chuo usiku huuhuu. Mwenye "ndiyo" moja tu, ile ya kutaka jina, afikirie tena. Jina ndilo linalokuja mwisho kabisa, na kwa wengi huja wakiwa wamechoka mno hata kulishangilia.