Je, mtoto anaweza kumkana mzazi mbele ya hakimu?

WAZAZI wengi wakisikia kwamba mtoto amempeleka baba yake kortini, hushika kichwa na kuuliza dunia inaelekea wapi. Hata hivyo, kabla hujamlaumu mtoto huyo, hebu tutazame kwanza sheria inasema nini.

Mnamo 1992, mvulana wa miaka 11 katika jimbo la Florida, Marekani, aliiomba mahakama ikate uhusiano kati yake na mama yake mzazi ili aasiliwe na jamaa iliyokuwa ikimlea. Jaji alikubali. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilisema kwamba mtoto mwenyewe hana uwezo wa kufungua kesi ya aina hiyo. Hata hivyo, mama hakurudishiwa haki zake, kwa kuwa watu wazima nao walikuwa wamewasilisha ombi kama hilo.

Kwetu Kenya kuna kesi iliyo karibu zaidi na maisha yetu. Desemba 2000, dada wawili, mmoja wa miaka 17 na mwenzake 15, walimshtaki baba yao katika mahakama ya Iten kwa sababu alitaka wakeketwe. Walisaidiwa na mtetezi wa haki, Ken Wafula, na mahakama ikamzuia mzee huyo. Angalia vyema, msomaji: hawakuomba asiwe baba yao tena. Waliomba asiwadhuru.

Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa watoto wa Migori na Homa Bay. Shule zinapofungwa Desemba, wako wasichana wa Kuria, Migori, wanaotoroka nyumbani na kukimbilia makanisani na shuleni wakiogopa kisu. Huko Homa Bay, ambako Ukimwi uliacha mayatima wengi mikononi mwa nyanya zao, baba aliyetoweka miaka mingi anaweza kurudi binti akishapevuka, akadai kumwoza ili apate ng'ombe. Mwingine humwachisha mwanawe shule akavue omena. Je, watoto hawa waende wapi?

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika jambo lolote linalomhusu, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, huzungumzia wajibu wa mzazi. Haki alizo nazo mzazi amepewa ili atimize wajibu huo. Akiutumia uwezo wake kumwumiza mtoto, mahakama inaweza kumwondoa mtoto huyo nyumbani na kumkabidhi mlezi mwingine, kama vile nyanya au shangazi.

Kufanya hivyo hakufuti ukoo. Mtoto hubaki wa boma lao, na mzazi bado anaweza kuamriwa kutoa pesa za matumizi. Kinachokata kamba kabisa ni kuasiliwa, kwani hapo mtoto huwa wa wazazi wapya, hata katika urithi. Kwa kawaida mzazi lazima akubali, lakini mahakama yaweza kuendelea bila idhini yake ikiwa alimtelekeza au alimtesa mtoto kwa muda mrefu. Mtoto aliye na umri wa kuelewa husikilizwa pia.

Mtoto hafungui kesi peke yake. Hupitia kwa mtu mzima anayemsimamia, na akiwa hana wakili, mahakama inaweza kuagiza apewe mmoja kwa gharama ya serikali. Mlango wa kwanza ni afisa wa watoto, chifu, mwalimu au polisi. Simu ya 116 hupigwa bila malipo. Binti wa Kuria naye ajue kwamba, kwa sheria ya 2011, anayepatikana na hatia ya kukeketa hufungwa miaka isiyopungua 3, au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili. Ridhaa ya mzazi si kinga.

Nawe mzazi wa mjini, usiwe na hofu kwamba mwanao akikatazwa televisheni atakimbilia kwa hakimu. Korti haipendi kuvunja nyumba, na kukataza si kutesa. Lakini unapompeleka binti yako ushago likizoni, jiulize ni nani atakayemlinda huko. Na mpwa wako akikupigia simu usiku akilia, usimjibu kwamba hayo ni mambo ya baba yake. Kabla ya kumfikia hakimu, mtoto hutafuta kwanza mtu mzima mmoja wa kumwamini. Huenda mtu huyo ni wewe.