Kipya Kinyemi: Kabla ya Kulipokea Jiko la Peleti



Wazee wetu walisema: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii haikemei vitu vipya. Yatuonya tu kwamba upya una utamu wake, na utamu huo waweza kutuzuia tusiulize yanayopasa kuulizwa. Tumeikumbuka kwa sababu ya jiko moja la kuchomea nyama ambalo jamaa zetu waishio Marekani wanalijua vyema, na ambalo mtoto mwenye mapenzi na mamake aweza kutamani kumtumia. Ni jiko la peleti. Zawadi hii ni nzuri na gharama yake si ndogo: bei yake huko huanzia mamia ya dola na kupita elfu moja, kabla ya nauli ya meli na ushuru wa bandarini. Kwa hivyo tumeona ni vyema tulieleze, ili familia iamue kwa kujua.

Jiko lenyewe ni lipi?

Peleti ni vijiti vifupi vyenye unene wa kama milimita 6, vilivyotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu nyingi. Kwa kawaida unga huo hautiwi gundi. Ndani ya mbao mna kitu kiitwacho lignini, ambacho hulainika kwa joto la mashine na kuugandanisha unga huo. Jiko lilibuniwa na Joe Traeger katika mji mdogo wa Mount Angel, jimbo la Oregon, miaka ya 1980. Hataza yake ilipokwisha muda, makampuni mengine nayo yakaanza kuyatengeneza.

Ubavuni mwa jiko mna sanduku la kutilia peleti. Chini ya sanduku mna parafujo ndefu izungushwayo na mota, nayo huzisukuma peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto. Ufito wa chuma unaopata moto kwa umeme huziwasha, na feni hupuliza. Kipimajoto kilichomo ndani hukiarifu kidhibiti, nacho huongeza au kupunguza peleti. Mpishi huchagua nyuzi anazotaka, kwa kawaida kati ya 80 na 260 za Selsiasi, kisha hufunika. Kwa aliyezoea kukaa mbele ya seredani na kipepeo mkononi, moshi ukimwingia machoni, hii ni raha kubwa. Lakini raha hiyo yategemea umeme tangu mwanzo hadi mwisho.

Mambo ya kuuliza kabla ya kununua

La kwanza ni umeme. Majiko yanayouzwa Marekani hutengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu Kenya ni volti 240. Ukilichomeka moja kwa moja, kidhibiti chaweza kuungua siku ya kwanza. Kifaa cha kupunguza volti husaidia, lakini hakibadilishi mzunguko wa umeme: wao hutumia hezi 60 na sisi 50, na baadhi ya mota zitazunguka polepole kuliko zilivyopangiwa. Mwambieni mtumaji atafute jiko la volti 220 hadi 240. Walio Dubai na Maskati wana wepesi hapa, kwani umeme wao na plagi zao ni kama zetu.

La pili ni peleti. Jiko lisilo na peleti ni sanduku la chuma tu. Kwa joto la wastani hula kati ya nusu kilo na kilo moja kwa saa, na kwa joto kali hula zaidi. Hesabuni kabla: zitapatikana wapi, kwa bei gani, na kwa muda gani? Ziwe peleti za kupikia, si za kupashia nyumba joto, ambazo huenda zikawa na mbao au viungio visivyofaa chakula. Msijaribu kutia makaa, vipande vya kuni wala unga wa mbao wa seremala katika sanduku lake. Wamarekani husifu moshi wa mti uitwao mesquite, ambao ni wa ukoo mmoja na mathenge unaowasumbua wafugaji wa Tana River na Garissa. Hata hivyo, kuni ya mathenge si peleti, na parafujo haitaibeba.

La tatu ni mahali. Jiko hili ni la nje. Moto wa mbao hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Lisiwashwe jikoni, wala ukumbini, wala katika ua uliofunikwa juu. Lisiwekwe chini ya paa la makuti, wala karibu na mapazia na mikeka. Mwenye nyumba ya ghorofa isiyo na dari wazi wala uwanja, hili si jiko lake.

La nne lawahusu wanaofikiria kununua lililotumika. Majiko haya hutumika sana kuchomea nyama ya nguruwe, na mafuta yake huganda kwenye nyavu, kwenye bati la chini na kutani. Katika madhehebu yetu ya Shafi, najisi hiyo ni nzito: huondolewa kwanza dhati yake yote, kisha husafishwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kulifanya hilo kwenye jiko lenye nyaya za umeme na pembe nyingi si jambo jepesi. Aliye na shaka na anunue jipya, hata likiwa dogo.

La tano ni fedha. Mali bila daftari huisha bila habari. Jiko la anasa halistahili mkopo wa riba, wala halistahili kutangulizwa mbele ya karo ya watoto. Na aulizwe yule atakayelitumia. Mara nyingi kitu cha jikoni huchaguliwa na mwanamume, hushangiliwa siku moja, kisha mke au mama huachiwa jivu na mafuta ya kusafisha. Kama yeye angependelea friji mpya au tangi la maji, basi hiyo ndiyo zawadi.

Siku ya kwanza

Jiko likishafika na kuunganishwa, someni kijitabu chake chote. Majiko hayafanani katika namna ya kuwashwa. Ondoeni karatasi na plastiki zote zilizofichwa ndani. Tieni peleti na mwache parafujo izunguke mpaka mzione zikidondoka katika kikombe cha moto. Kisha liwasheni tupu, bila chakula, kwa joto la nyuzi kama 180, kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Hivyo huunguza mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye chuma. Mkipika kabla ya hatua hii, harufu hiyo itaingia katika chakula.

Kwa mapishi ya mwanzo twapendekeza kuku mzima, aliyelazwa katika tangawizi, thomu, ndimu na chumvi. Wekeni nyuzi 180, na baada ya kama saa moja mpimeni kwa kipimajoto cha nyama penye paja nene, pasipogusa mfupa. Akifika nyuzi 74 ameiva salama. Msitegemee rangi, kwani moshi huweza kuipa nyama wekundu hata ikiwa imeiva. Nyama ya kusaga ifike 71, na samaki 63. Mguu wa mbuzi au mbavu za ng'ombe hupendeza kwa moto mdogo wa nyuzi 120, kwa saa nyingi, bila haraka.

Mishikaki nayo yataka ukweli. Jiko la peleti huiivisha, lakini halitaipa ule ukali wa makaa unaobabua pembe za nyama. Anayetaka ladha ya barabarani ataifuata kwenye seredani.

Mkimaliza, msichomoe waya. Zimeni kwa kitufe, mwache feni iendelee mpaka peleti zilizosalia ziishe kuungua. Aghalabu ni dakika 10 hadi 15.

Umeme ukikatika, na mafuta yakishika moto

Huku kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi. Ukikatika jiko likiwaka, feni husimama na peleti hubaki zikifuka ndani ya kikombe. Liacheni limefunikwa, na watoto wakae mbali. Umeme ukirudi, msiliwashe papo hapo. Lingojeni lipoe, fungueni, ondoeni peleti zilizorundikana katika kikombe, ndipo mwanze upya. Rundo likiwashwa hivyo hivyo, moshi mzito hujaa ndani na moto waweza kulipuka usoni mwa mwenye kufunua.

Mafuta yakishika moto, kamwe msimwage maji. Kama mwaweza kuifikia swichi kwa usalama, katisheni umeme, funikeni jiko, mkae kando mpaka moto ufe kwa kukosa hewa. Njia bora ni kinga: komboeni mafuta kwenye bati na mmwage kindoo chake kila baada ya mapishi machache, na jivu la kikombe litolewe jiko likiwa baridi kabisa.

Hewa ya bahari

Adui mkubwa wa jiko hili pwani ni unyevu na chumvi. Peleti nzuri huvunjika kwa mlio ukizipinda; iliyoingia unyevu hufumuka ikawa unga. Unga huo ukikauka ndani ya parafujo huwa mgumu kama saruji, na mota hukwama. Wekeni peleti katika ndoo yenye kifuniko cha kubana, na msiziache sandukuni wiki nzima bila kupika. Pakeni nyavu mafuta kidogo ya kupikia baada ya kuzisugua, na jiko lifunikwe likishapoa.

Baada ya yote hayo, familia ikiridhika kwamba umeme wafaa, peleti zapatikana, ua uko wazi na fedha ni ya halali isiyo na deni, basi na walipokee kwa furaha. Wakipika, wamkumbuke jirani, maana moshi huu wenye harufu ya mbao husafiri mbali. Na seredani msiitupe. Iwekeni mahali pakavu pamoja na gunia la makaa, kwa ajili ya mishikaki na kwa ajili ya usiku ambao taa zitazimika wageni wakiwa tayari wameketi mkekani.

Wabillahi tawfiq.